Kivuli, Uvuli na Unamu: Istilahi za Mwanga na Nyuso za Kuta katika Taswira za Nje za Majengo

1. Utangulizi

Miaka michache iliyopita tuliletewa hati kutoka wilaya moja ya pwani, si mbali na Dar es Salaam. Hati hiyo ilihusu ujenzi wa zahanati. Ilikuwa imekwisha kufasiriwa, na jengo lenyewe lilikuwa limekwisha kusimama. Tulichoombwa sisi ni kuilinganisha tafsiri na maandishi ya asili ili ijulikane kosa limetoka wapi.

Maandishi ya asili yalikuwa na masharti mawili mbalimbali. Sharti la kwanza lilitaka benchi la wagonjwa wanaongojea, lililopangwa kukaa upande wa kaskazini wa jengo, lisipigwe na jua tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Sharti la pili lilitaka picha ya jengo itakayopelekwa mbele ya kamati ichorwe pamoja na vivuli vyake, kwa kufuata tarehe na saa maalumu. Mfasiri alitumia neno moja, "kivuli", katika masharti yote mawili, na kwa kutafuta ufupi akayaunganisha katika sentensi moja: "Benchi lionyeshwe likiwa kivulini."

Mchoraji akafanya kama alivyoambiwa. Alilichora benchi ndani ya kivuli kizito cha kupendeza, jua akaliweka upande wa kusini, na kamati ikaipitisha picha. Zahanati ilifunguliwa mwezi wa Juni, na tangu siku ya kwanza wagonjwa walikaa juani.

Hatulitaji jambo hili kwa kumlaumu mfasiri. Yeye alitumia neno lililokuwapo, na wala hapakuwa na orodha yoyote ya kumwongoza. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba istilahi za mwanga si mapambo ya wasanii peke yao. Picha ya jengo ambalo halijajengwa ni aina ya ahadi, na mwenye kuipokea hawezi kuikagua ahadi hiyo ikiwa lugha yake haina majina ya vitu vilivyomo. Lengo la makala haya, basi, ni kueleza jinsi mwanga na nyuso za kuta zinavyosawiriwa katika picha za nje za majengo, namna kazi hiyo inavyoweza kufanywa vizuri zaidi, na istilahi tunazopendekeza zitumike.

2. Ramani, mchoro na taswira

Mwananchi anaposema "ramani ya nyumba" aghalabu huwa na maana ya mchoro unaoonyesha vyumba kama vinavyotazamwa kutoka juu, pamoja na vipimo vyake. Mbali na ramani kuna mchoro wa uso, unaoonyesha upande mmoja wa nyumba uliosimama, na mchoro wa mkato, unaoonyesha nyumba kana kwamba imepasuliwa kwa msumeno. Michoro hiyo mitatu humtosha fundi. Haimtoshi mjumbe wa kamati anayeuliza: nikisimama barabarani, nitaona nini?

Picha inayojibu swali hilo tunapendekeza iitwe taswira. Kitendo cha kuitengeneza ni kusawiri, kazi yenyewe ni usawiri, na mwenye kuifanya ni msawiri. Walimu wa fasihi watatukumbusha kwamba maneno haya wanayatumia wao kwa picha zinazojengwa na maneno. Hatuoni mgongano. Maana ya msingi ni ile ile, yaani kukifanya kitu kisichokuwapo kionekane, na muktadha utatofautisha.

Yafaa pia kutenga aina mbili za taswira. Iko taswira ya hisia, ambayo hutengenezwa ili kumwonyesha mtu roho ya jengo. Mmarekani Hugh Ferriss alijulikana sana kwa michoro ya makaa ya namna hiyo, ambamo majengo marefu yametokeza katika giza na ukungu. Kitabu chake cha mwaka 1929 kimejaa picha hizo. Hakuna aliyemdai Ferriss atoe hesabu ya jua. Na iko taswira ya ushahidi, ambayo huambatanishwa na zabuni au maombi ya kibali, na ambayo mtu ataitumia kuamua jambo. Makala haya yanahusu aina hii ya pili. Makosa mengi hutokea pale aina ya kwanza inapopokewa kama kwamba ni ya pili.

3. Asili tatu za mwanga

Kiswahili kina maneno mengi ya jamii hii: mwanga, nuru, mwangaza, mng'ao, mmeto. Katika mazungumzo hubadilishana nafasi bila ya madhara. Katika istilahi hatuna budi kumpa kila mmoja kazi yake. Tunapendekeza mwanga liwe jina la kitu chenyewe, kama linavyotumika katika fizikia. Mwangaza liwe jina la kiasi cha mwanga kinachofika mahali fulani. Na mng'ao liwe jina la mwanga unaorudishwa na uso laini kuelekea upande mmoja, kama tuuonavyo juu ya kioo au bati jipya. Nuru tunaiachia matumizi ya jumla, dini na ushairi.

Jengo lililo nje hupata mwanga kwa njia tatu. Ya kwanza ni mwanga wa jua, unaokuja moja kwa moja na kwa mwelekeo mmoja. Ya pili ni mwanga wa anga, unaotoka katika mbingu nzima baada ya miale ya jua kutawanywa na hewa. Huu hauna mwelekeo mmoja, na siku isiyo na mawingu huwa na rangi ya samawati. Ya tatu ni mwanga wa kuakisiwa, uliokwisha kupiga ardhi, ukuta wa jirani au paa, kisha ukarudi na kuliangukia jengo.

Msawiri asiyetenga njia hizi tatu hutoa picha za namna mbili zenye kasoro. Ama picha yote huwa bapa, kila upande ukiwa na mwangaza ule ule, kwa sababu mwanga wa anga umezidi. Au vivuli huwa vyeusi kama masizi, kwa sababu mwanga wa jua peke yake ndio uliowekwa. Ukweli uko kati. Jua la mchana kweupe huangaza ardhi kwa kiasi cha luksi 100,000 hivi, na mahali palipo wazi lakini pasipofikiwa na jua hupata kiasi cha luksi 10,000 au zaidi. Kwa hiyo mahali pa kivuli hapana giza, bali pana sehemu moja kwa kumi, au zaidi, ya mwangaza wa juani. Tena rangi yake si nyeusi: inaelekea samawati kidogo, maana kinachopaangaza ni anga.

Mwanga wa kuakisiwa ndio unaosahauliwa zaidi, na katika nchi zetu ndio wenye nguvu sana. Jua linapokuwa utosini, ukuta uliosimama wima haupati mwanga wa jua hata kidogo. Miale hupita sambamba nao. Kinachouangaza ni anga na ardhi iliyo mbele yake. Mbele ya nyumba ya pwani yenye mchanga mweupe, mwanga hupanda juu na kuangaza sehemu ya chini ya upenu. Mbele ya nyumba ya bara yenye udongo mwekundu, sehemu ya chini ya ukuta mweupe huonekana yenye wekundu hafifu. Mbele ya lami mpya, ambayo hurudisha sehemu 5 hivi tu katika kila 100 za mwanga inaoupokea, ukuta ule ule huonekana umefifia. Msawiri anayetaka picha yake iaminike na aanze na ardhi kabla ya kuanza na nyumba.

Kompyuta zilichukua muda kuujua mwanga huu. Mwaka 1980 Turner Whitted alichapisha njia ya kufuata miale kutoka jichoni hadi kwenye vitu, na kutoka kwenye vitu hivyo hadi kwenye taa na vioo. Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha jinsi ya kukokotoa mwanga unaorudishana baina ya nyuso zisizong'aa. Mwaka 1986 James Kajiya akaandika mlinganyo mmoja unaojumlisha mwanga wote unaotoka katika nukta ya uso wowote. Programu za leo zinategemea sana kazi hizo. Lakini hesabu iwe sahihi kiasi gani, haimsaidii mtu aliyeipa programu jua la mji usio wake.

4. Uvuli na kivuli

Hapa ndipo kiini cha makala haya. Ukuta usiopata jua waweza kuwa katika hali hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, umelipa jua kisogo: hakuna kitu kilichoukinga, ila wenyewe umetazama upande mwingine. Ya pili, unalitazama jua, lakini kitu kingine kimesimama kati, kama vile upenu, mti au nyumba ya jirani, nacho kimetupa umbo lake juu ya ukuta huo.

Lugha kadhaa za Ulaya zina maneno mawili kwa hali hizi. Je, Kiswahili hakina? Tunaamini kinayo, ila hatujayatumia kwa nidhamu. Neno uvuli, lenye kiambishi cha hali, hutaja hali ya mahali pasipopigwa na jua. Twasema "tukae uvulini" bila ya kujali uvuli huo una umbo gani. Neno kivuli, lenye kiambishi cha vitu, hutaja kitu chenye mpaka na umbo: kivuli cha mtu, kivuli cha mnazi, vivuli viwili vya nguzo mbili. Ni kweli kwamba watu wengi husema "kivulini" kwa maana zote mbili, nasi hatukusudii kuwasahihisha njiani au sokoni. Katika hati na vitabu, hata hivyo, ngeli za lugha yetu zimekwisha kutufanyia kazi. Tunapendekeza:

uvuli – hali ya uso au mahali pasipofikiwa na mwanga wa jua, kwa sababu yoyote ile;
kivuli – umbo linalotupwa na kitu juu ya uso mwingine kwa kuukinga mwanga.

Kwa mpango huu kila kilicho ndani ya kivuli kimo katika uvuli, lakini si kila uvuli ni kivuli. Sharti la zahanati lingesomeka: "Benchi liwe katika uvuli tangu saa nne hadi saa tisa. Taswira ionyeshe vivuli vya tarehe na saa iliyotajwa." Hakuna mchoraji ambaye angeyachanganya.

Kivuli kina sifa ambazo msawiri hana budi kuzichunga. Mipaka yake si mikali kila mahali. Jua tunaloliona angani lina upana wa nusu nyuzi hivi, kwa hiyo ukingo wa kivuli hulegea kadiri kinavyokuwa mbali na kitu kilichokitupa: kiasi cha sentimita 1 kwa kila mita 1. Kivuli cha fremu ya dirisha juu ya ukuta wake ni kikali. Kivuli cha tawi la mwembe lililo mita 8 kutoka ukutani kina ukingo wa sentimita 7 hadi 8. Ukingo huo uliolegea tunauita kivuli hafifu. Taswira ambayo vivuli vyake vyote, vya karibu na vya mbali, ni vikali sawasawa, jicho huikataa hata kama mtazamaji hajui kwa nini.

5. Jua la vitabu na jua la kwetu

Katika karne ya 19 wanafunzi wa usanifu majengo katika École des Beaux-Arts, Paris, walifundishwa kanuni moja ya vivuli. Mwanga ulichukuliwa kuwa unatoka juu, nyuma ya bega la kushoto la mtazamaji, ukifuata mshazari wa mchemraba. Katika ramani na katika mchoro wa uso mwanga huo huonekana una mwinamo wa nyuzi 45, ingawa pembe yake halisi na ardhi ni nyuzi 35 na dakika 16. Faida yake ni kubwa: upenu uliotokeza sentimita 60 hutupa kivuli chenye kina cha sentimita 60, kwa hiyo msomaji hupima kina kwa kutazama kivuli. Kanuni hii ilienea na bado inafundishwa.

Lakini jua hilo ni la kupimia tu. Halikuwekwa ili lieleze hali ya hewa, wala halidai kuwa jua la mahali fulani. Mtu anayelichukua na kulitumia katika taswira ya ushahidi anatoa habari asizozijua.

Tutoe mfano wa hesabu. Tarehe 21 Desemba, adhuhuri, jua la London liko nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, na ukuta wa mita 10 hutupa kivuli cha mita 37 hivi kuelekea kaskazini. Siku hiyo hiyo adhuhuri, jua la Dar es Salaam liko nyuzi 73 upande wa kusini, na ukuta huo hutupa kivuli cha mita 3. Tarehe 21 Juni jua la Dar es Salaam huwa upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi, na kivuli cha mita 5.8 huelekea kusini. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini na nguzo iliyosimama wima haina kivuli. Kati ya Machi na Oktoba, yaani zaidi ya miezi saba, jua la adhuhuri huko liko kaskazini.

Wenyeji wa pwani wanaweza kulikumbuka jambo hili kwa pepo zao: katika majira ya kusi jua la adhuhuri liko kaskazini, na kaskazi ikivuma jua liko kusini. Msawiri aliyejifunza kwa vitabu vya nchi za kaskazini amezoea kwamba upande wa kusini ndio wenye jua mwaka mzima. Hilo ndilo lililotokea katika picha ya zahanati.

Tuikague sasa. Upenu ulikuwa na kimo cha mita 2.7 kutoka sakafuni, nao ulitokeza sentimita 60. Tarehe 21 Juni adhuhuri, jua likiwa kaskazini kwa nyuzi 60, kivuli cha upenu hushuka ukutani kwa mita 1 na kitu kidogo. Kinakoma, basi, mita 1.6 hivi juu ya sakafu, yaani juu ya kichwa cha mtu aliyeketi. Na adhuhuri ndiyo saa ambayo kivuli hicho hushuka zaidi. Kabla yake na baada yake jua huingia ndani zaidi chini ya upenu. Ili kivuli cha adhuhuri kifike kwenye kiti cha benchi kilicho sentimita 45 kutoka chini, upenu ungetakiwa kutokeza mita 1.3, na karibu nusu mita zaidi ili kukinga magoti. Hesabu hii haihitaji mashine. Ilihitaji tu sharti liandikwe kwa neno lililo sahihi, na taswira ioneshe jua lililo mahali pake.

6. Unamu

Jambo la pili linaloamua ubora wa taswira ni uso wa kila kitu: ukuta wa matumbawe uliopakwa chokaa, tofali la kuchoma, zege tupu, bati la migongo, makuti. Kila uso una hali yake ambayo mkono huijua kwa kugusa na jicho huijua kwa jinsi mwanga unavyokaa juu yake. Wafasiri wameiita hali hiyo "umbile", "ulaini", "mguso" na hata "mfumo". Umbile lina kazi nyingine tayari, kwani hutaja umbo la kitu kizima. Ulaini hutaja upande mmoja tu, maana uso unaokwaruza nao una hali yake. Mguso hutaja kitendo cha kidole. Tunapendekeza unamu, neno ambalo tumelikuta likitumika katika maandishi ya elimu ya udongo kutaja hali ya chembechembe za udongo. Kulihamisha kutoka udongo hadi lipu si safari ndefu.

Unamu usichanganywe na rangi wala nakshi. Kuta mbili zaweza kuwa na rangi moja ya chokaa na unamu mbalimbali: moja imesawazishwa kwa mwiko hadi ikawa nyororo, nyingine imerushiwa lipu ikaachwa na chembe zake. Na nakshi ni pambo lililokusudiwa, ambapo unamu upo hata pale fundi asipokusudia kitu.

Unamu huonekana au hupotea kwa kutegemea mwelekeo wa mwanga. Mwanga unaoukabili ukuta uso kwa uso huziangaza chembe zote sawasawa, na ukuta huonekana bapa. Mwanga unaopita karibu sambamba na ukuta hukifanya kila kijiwe kitupe kivuli chake kidogo. Kwa mwanga wa namna hii tunapendekeza mwanga wa kuambaa, kwa mfano wa chombo kinachoambaa pwani bila ya kuiacha wala kuigusa. Mafundi wa lipu wanaujua: wengi hukagua kazi yao kwa kuweka taa kando ya ukuta, maana mawimbi yasiyoonekana mchana hujitokeza. Msawiri anayetaka kuonyesha unamu wa ukuta wa matumbawe na achague saa ambayo jua linauambaa ukuta huo, badala ya kuzidisha weusi wa nyufa kwa mkono.

Katika kompyuta neno hili limeleta utata mwingine. Mwaka 1974 Edwin Catmull, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Utah, alieleza njia ya kuutandaza mchoro au picha juu ya uso wa kitu kilichokokotolewa. Tangu hapo watu wa kompyuta huiita picha hiyo kwa jina lile lile la sifa ya uso. Tusiwaige. Kitu kinachotandazwa tukiite picha ya unamu, ili msomaji asidhani kwamba ukuta umekwaruza kwa sababu tu umebandikwa picha ya mikwaruzo. Mwaka 1978 James Blinn alileta njia ya kuugeuza mwangaza wa uso ili uonekane una matuta ambayo kwa kweli hayapo. Haya tunayaita matuta bandia. Namna ya kuyatambua ni kutazama pembe ya ukuta: matuta yanaonekana usoni, lakini ukingo umenyooka kama rula.

Makosa ya unamu tunayoyakuta mara kwa mara ni manne.

(a) Kipimo. Tofali la saruji lililozoeleka lina uso wa inchi 18 kwa 9. Pamoja na udongo wa kuungia, ukuta wa mita 3 huwa na kozi 13 hivi. Taswira ikionyesha kozi 25, jicho husoma ukuta wa karibu mita 6, na jengo dogo huonekana kubwa. Huu ni udanganyifu hata kama haukukusudiwa.

(b) Marudio. Picha ya unamu huwa ndogo kuliko ukuta, kwa hiyo hurudiwa. Doa moja likitokea mara sita kwa nafasi sawa, ukuta hugeuka kitenge. Yafaa picha iwe ya eneo kubwa, na alama zinazovuta jicho ziondolewe kabla ya kutandazwa.

(c) Mng'ao usio mahali pake. Tangu Bui Tuong Phong alipochapisha njia ya kukokotoa mng'ao mwaka 1975, kuuweka ni jambo rahisi, nao huwekwa ovyo. Lipu ya chokaa haing'ai. Kioo hung'aa kwa kadiri ya pembe: ukikitazama uso kwa uso hurudisha mwanga kidogo, sehemu 8 hivi katika 100, na ukikitazama kwa kando hurudisha karibu wote. Ndiyo maana mchana madirisha hutazamwa kutoka nje yakiwa meusi au yakiwa yamebeba picha ya anga, wala si ya buluu kama yanavyopakwa katika picha nyingi.

(d) Upya wa milele. Mvua hurusha matope chini ya ukuta, na michirizi hushuka chini ya vizingiti vya madirisha. Taswira ya ushahidi haina haja ya kuchakazwa, lakini anayechagua chokaa nyeupe hadi chini kabisa, mbele ya udongo mwekundu, ana haki ya kuonyeshwa ukuta huo baada ya masika moja.

7. Maswali ya mpokeaji

Mtumishi anayepokea taswira pamoja na maombi au zabuni hahitaji kuwa mchoraji. Inamtosha kuuliza: Taswira hii ni ya hisia au ya ushahidi? Kaskazini iko wapi? Jua ni la mahali gani, tarehe gani, saa ngapi? Kila uvuli ulioahidiwa umetokana na kitu gani, na kitu hicho kimo katika ramani au ni mti uliopandwa na mchoraji? Kozi za matofali ni ngapi? Unamu unaoonekana umetajwa katika orodha ya vifaa, au uko katika picha tu? Msawiri mwaminifu huweza kuyajibu maswali haya kwa mistari michache, nasi twashauri mistari hiyo iandikwe chini ya kila taswira ya ushahidi.

8. Istilahi zinazopendekezwa

kivuli – umbo linalotupwa na kitu kwa kuukinga mwanga.
kivuli hafifu – ukingo uliolegea wa kivuli.
kusawiri – kutengeneza taswira kutokana na ramani na vipimo.
matuta bandia – matuta yanayoonekana kwa kugeuza mwangaza wa uso bila ya kugeuza umbo lake.
mng'ao – mwanga unaorudishwa na uso laini kuelekea upande mmoja.
mwanga wa anga – mwanga unaotoka katika mbingu nzima.
mwanga wa jua – mwanga unaofika moja kwa moja kutoka kwenye jua.
mwanga wa kuakisiwa – mwanga uliokwisha kupiga kitu kingine.
mwanga wa kuambaa – mwanga unaopita karibu sambamba na uso.
mwangaza – kiasi cha mwanga kinachofika mahali.
picha ya unamu – picha inayotandazwa juu ya uso katika usawiri wa kompyuta.
taswira ya nje – picha ya jengo kama litakavyoonekana kwa aliye nje.
unamu – hali ya uso inayojulikana kwa kugusa na kwa kuona.
uvuli – hali ya mahali pasipofikiwa na mwanga wa jua.

9. Hitimisho

Hatudai kwamba orodha hii imekamilika. Mafundi wa lipu, wapaka rangi na wajenzi wa mawe wana maneno ambayo hayajafika mezani kwetu, na huenda miongoni mwao limo neno lililo bora kuliko unamu. Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi na watumishi wa ofisi za ujenzi watuandikie maneno hayo pamoja na mahali yanapotumika, ili yajadiliwe kabla ya kusanifiwa. Juu ya uvuli na kivuli, hata hivyo, tungependa wafasiri waanze kuyatenga tangu sasa. Zahanati tuliyoitaja ilizidishiwa upenu baadaye kwa gharama ambayo haikuwamo katika makisio. Maneno yote mawili yalikuwamo katika lugha tangu mwanzo.